Somo: Sahihisha mwenyewe sentensi zako za Kiingereza kabla hujamletea mtu

Assalaam aleikum. Nimeandika somo hili ili nipate pa kuwaelekeza wale wanaoniletea barua za maombi ya kazi za hoteli, ripoti za mafunzo ya kazi na maelezo ya kuwatembeza wageni Mji Mkongwe, huku juu yake wameandika neno moja tu, "nisahihishie". Sikatai kusaidia. Lakini makosa ninayoyakuta katika barua ya kijana wa Mkoani ndiyo hayo hayo yaliyomo katika barua ya binti wa Bububu, kwa sababu chanzo chake ni kimoja: sentensi imeundwa kwa sarufi ya Kiswahili, kisha maneno yake yakabadilishwa kuwa ya Kiingereza. Anayejua mahali sarufi hizi mbili zinapoachana anaweza kuyaona makosa yake karibu yote bila ya kumsubiri mtu.

Usiisome rasimu yako mara moja ukitafuta makosa yote kwa pamoja. Isome kwa hatua, na katika kila hatua utafute aina moja tu ya kosa.

Hatua ya 1. Soma kwa sauti na uweke nukta pale wazo linapokwisha, kwani Kiingereza hakikubali sentensi mbili kamili ziunganishwe kwa mkato peke yake.

Hatua ya 2. Pigia mstari kila kitenzi. Baada ya "did" kitenzi hurudi katika umbo lake la asili, kwa hiyo "did not went" ni "did not go". Na mtendaji akiwa mmoja asiyekuwa mimi wala wewe, kitenzi cha wakati uliopo huchukua "s", kwa hiyo "the guide explain" ni "the guide explains".

Hatua ya 3. Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, wakiwemo waliofaulu vizuri mitihani yao, na ndiyo ninayokuomba usiipite kwa haraka. Sisi tunasema "nimekuja jana" na hakuna anayeshangaa, kwa kuwa kiambishi "-me-" hakigombani na neno "jana". Katika Kiingereza umbo la "have" au "has" halikai pamoja na wakati uliokwisha kutajwa na kufungwa. Ndiyo maana "I have come yesterday" ni kosa, na mwongoza watalii anayesema "The House of Wonders has been built in 1883" amekosea, ijapokuwa mwaka wenyewe ameutaja sawasawa. Sahihi ni "I came yesterday" na "The House of Wonders was built in 1883". Kipimo ni chepesi: kila unapoona "have" au "has", tafuta katika sentensi hiyo maneno kama "yesterday", "last year", "ago" au mwaka uliopita uliotajwa kwa nambari. Ukiyakuta, ondoa "have" na uweke kitenzi katika wakati uliopita.

Hata hivyo, usianze kufuta "have" zote kama afagiaye uwanja, kwani kipimo hicho kina mipaka yake. Kwanza, ikiwa jambo lilianza zamani na bado linaendelea, "have" ndiyo inayotakiwa. Tunasema "nafanya kazi hapa tangu 2019", na kutokana na hilo watu huandika "I am working here since 2019", ambayo ni makosa. Sahihi ni "I have been working here since 2019". Neno "since" hufuatwa na mwanzo wa muda, na "for" hufuatwa na urefu wake. Pili, "today" na "this week" ni muda ambao bado haujafungwa, kwa hiyo "I have seen two turtles this week" ni sawa kabisa.

Tatu, na hili ndilo hatari kuliko yote kwa sababu sentensi yenyewe haina kosa la sarufi, iko "-me-" ya hali. Tunaposema "amelala", "amekaa", "amesimama" au "amevaa", mara nyingi hatusemi jambo lililokwisha, bali tunaeleza alivyo mtu sasa hivi. Ukimwambia mgeni "The manager has slept", atafahamu kuwa meneja alilala na sasa yuko macho, naye ataendelea kumsubiri pale mapokezi, na ilhali wewe ulikusudia "The manager is asleep". Vivyo hivyo "she has worn a black buibui" iwe "she is wearing a black buibui", na "he has sat under the tree" iwe "he is sitting under the tree". Jiulize kila mara: je, nasimulia tendo au naeleza hali?

Hatua ya 4. Futa kiwakilishi kinachorudia mtu aliyekwisha kutajwa. Kitenzi chetu hubeba kipatanishi cha mtendaji hata akiwa ametajwa kwa jina, na kwa mazoea hayo tunaandika "My brother he works in Paje". Kiingereza hutosheka na "My brother works in Paje". Kosa lililofichika zaidi limo katika virejeshi. "Wageni niliowapeleka Jozani" ina "-o-" na ina "-wa-", zote zikiwarejelea wageni wale wale, na hivyo huzaliwa "the guests whom I took them to Jozani". Ondoa "them".

Hatua ya 5. Hakiki kila "he" na kila "she", kwa kuwa "a-" yetu haibagui mwanamme na mwanamke.

Hatua ya 6. Chunguza nomino. "Information", "advice", "luggage", "furniture" na "equipment" hazichukui "s" na hazitanguliwi na "a" wala "an". Ukitaka kuhesabu, andika "a piece of advice". Kuhusu vile vineno vya "a", "an" na "the", kanuni kamili ni ndefu, ila tatu zifuatazo huondoa sehemu kubwa ya makosa. Kitu kimoja kinachohesabika kikitajwa mara ya kwanza huchukua "a" au "an", na kikirudiwa huchukua "the". Ukizungumzia vitu vyote vya aina fulani kwa wingi, usiweke chochote: "Cloves need sun" ikiwa ni karafuu kwa jumla, na "The cloves need sun" ikiwa ni zile ulizozianika wewe barazani. Tena "an" hufuata sauti inayosikika, si herufi inayoonekana, na ndiyo sababu tunaandika "an hour" lakini "a university".

Hatua ya 7. Ondoa maneno ya ziada yanayong'ang'aniana. "Although" haihitaji "but" katika sentensi hiyo hiyo. "Despite" haifuatwi na "of". "Discuss" haifuatwi na "about". "Return back" ni "return". Na ile ya mwisho wa barua ni "I look forward to hearing from you", si "to hear".

Hatua ya 8. Sasa ndipo uangalie mtindo, si kabla ya hapo. Maneno "I am writing this letter with the purpose of applying for the post of receptionist" hayana kosa, ila msomaji amekwisha kuiona barua na anajua kuwa umeiandika. Andika "I am applying for the post of receptionist". "Due to the fact that" ni "because". Wako wanaofundisha kwamba kauli ya kutendwa ni mbaya popote inapotokea. Mimi sikubaliani nao. Katika "was built in 1883" jengo ndilo linalozungumziwa, na kauli ya kutendwa ndiyo mahali pake. Inayochusha ni ile ya kujificha, kama "the report was not finished by me".

Mwisho, angalia sentensi inayoanza na kitenzi cha "-ing". Katika "Walking through the narrow streets, the carved doors impress everyone", wanaotembea ni milango. Mtendaji wa sehemu ya kwanza lazima awe ndiye kiima cha sehemu ya pili: "Walking through the narrow streets, visitors admire the carved doors".

Maswali ya wanachama

Kijana wa Kiwengwa: Maalim, barua yangu nimeiweka hapa chini, naomba unisahihishie haraka, kesho ndiyo mwisho wa kupeleka.

Jibu: Hatua ya 3 na hatua ya 6. "Advices" umeiandika mara mbili. Ukishazipitia hatua hizo, ilete tena.

Mtu wa Darajani: Kwa heshima, siku hizi programu ya simu inasahihisha kila kitu. Somo refu hivi la nini?

Jibu: Programu itakurekebishia "did not went", nami sina ugomvi nayo. Lakini "The manager has slept" itaiacha kama ilivyo, kwa kuwa ni sentensi salama kisarufi. Vilevile haiwezi kujua kuwa yule uliyemwandika "he" ni mama yako. Somo limeandikwa kwa ajili ya makosa ambayo mashine haina njia ya kuyaona, na ndiyo maana hatua ya 1 na ya 2 nimezipa mistari michache tu.

Binti wa Wete: Maalim, ahsante sana. Skuli tulifundishwa kuwa sentensi ya Kiingereza haimaliziki kwa kihusishi, yaani neno kama "from" au "in", lakini kila mgeni huniuliza "Where are you from?" Je, wao ndio wanaokosea?

Jibu: Swali zuri, bibie, na wageni wako hawakosei. Mmoja katika waliolitangaza katazo hilo mapema ni mshairi wa Uingereza, John Dryden, ambaye mwaka 1672 alilalamika kuwa Ben Jonson aliyemtangulia aliviacha vihusishi mwishoni mwa sentensi. Dryden alikuwa msomi mkubwa wa Kilatini, na katika Kilatini kihusishi kwa kawaida hutangulia nomino yake. Kiingereza hakikujengwa hivyo, na wazungumzaji wake hawakuacha kukitumia walivyokizoea. Kwa hiyo "the hotel I worked in" ni sahihi. Katika barua rasmi sana unaweza kuandika "the hotel in which I worked", ila hilo ni suala la adabu ya uandishi tu. Katazo la kutenganisha "to" na kitenzi chake, kama katika "to really understand", nalo ni la namna hiyo hiyo.

Binti wa Wete: Shukran. Na je, naweza kutumia "they" kwa mtu mmoja? Kwetu "a-" inamtosha kila mtu, na huona taabu kuandika "he or she" kila mara.

Jibu: Unaweza. "If a guest loses their key, they should come to reception" ni Kiingereza kizuri, na matumizi hayo ya "they" kwa mtu mmoja asiyetajwa jinsi yanapatikana katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Angalia tu kitenzi: hata akikusudiwa mtu mmoja, tunaandika "they are", hatuandiki "they is". Akiwa ni msahihishaji mwenye msimamo mkali, kimbilia wingi: "Guests who lose their keys should come to reception". Hapo hakuna atakayekulaumu.

Abuu wa Chake: Je, "I have finished my course last year" ni sahihi?

Jibu: Hatua ya 3, aya ya kwanza, kipimo.

Abuu wa Chake: Lakini nimewasikia Wamarekani wakisema "I already finished", wala hawaweki "have".

Jibu: Hilo sasa ni swali jengine, na umesikia vyema. Wamarekani hutumia sana wakati uliopita pamoja na "already", "just" na "yet", mahali ambapo Muingereza angesema "I have already finished". Kwao si kosa. Sisi skuli zetu hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo katika mtihani weka "have". "Last year", hata hivyo, haikubali "have" kwa Muingereza wala kwa Mmarekani.

Mwongoza watalii wa Nungwi: Mimi tatizo langu si sarufi, ni saa. Niliwaandikia wageni "We leave at two in the morning" nikikusudia saa mbili asubuhi. Mmoja akajibu kwa kuuliza kama tunakwenda kuvua usiku.

Jibu: Ongeza au punguza sita: saa mbili asubuhi ni "eight in the morning", na saa moja usiku ni "seven in the evening". Fanya hesabu hiyo kabla ya kuandika, si wakati wa kuandika. Ukiandika tarehe, usitumie nambari peke yake, kwa sababu "03/04" kwa Muingereza ni tarehe 3 Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Andika jina la mwezi.

Mama wa Konde: Nami niongeze. Mwanangu huisoma insha yake kuanzia sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza, na huyaona makosa ambayo akiisoma kwa mpango wake humponyoka.

Jibu: Ni njia nzuri, bibi, hasa kwa hatua ya 2, kwani hadithi haimvuti tena msomaji na anabaki kukitazama kitenzi peke yake. Kwa hatua ya 5 haifai, maana kumjua "he" ni nani kunahitaji sentensi iliyotangulia.

Kijana wa Kiwengwa: Nimerudi, Maalim. Nimeondoa "advices" na nimefuta "have" mbili. Imebaki moja inayonitatiza: "My friend borrowed me his laptop". Programu imenipigia mstari mwekundu, lakini sielewi kwa nini.

Jibu: Sasa tunafanya kazi pamoja. Sisi tuna "kuazima" moja kwa anayetoa na kwa anayepokea, nao wana vitenzi viwili. Anayetoa hufanya "lend", ambayo wakati uliopita wake ni "lent". Anayepokea hufanya "borrow". Andika ama "My friend lent me his laptop" ama "I borrowed a laptop from my friend". Katika barua ya maombi ya kazi, lakini, sioni kompyuta ya rafiki yako inahusu nini. Ifute sentensi nzima, kisha upeleke.