Ukikuta barua za zamani za familia: jinsi ya kuzisoma mpaka ujue kilichofichwa

Nimetoka kumsaidia kijana mmoja aliyekuta fungu la barua za bibi yake, nikaona niandike na wengine wafaidike.

Hatua ya 1. Kabla hujafungua hata moja, piga picha fungu lote lilivyokaa. Barua isiachane na bahasha yake. Mikono safi na mikavu inatosha, glavu za kitambaa mi sizikubali kabisa zinachana karatasi, na selotepu usiisogeze hata karibu.

Hatua ya 2. Skani au piga picha kwa simu pande zote mbili, bila flashi.

Hatua ya 3. Tarehe. Hapa tulia, maana bila mpangilio utasoma jibu kabla ya swali halafu umshuku mtu asiye na kosa. Anza na mhuri wa posta, ila bahasha huwa zinabadilishana barua kwa hiyo linganisha mikunjo ya karatasi na saizi ya bahasha kwanza. Stempu inakwambia tu barua haijatumwa kabla ya mwaka fulani, mfano yenye mfalme George VI wa Uingereza ni 1937 kuendelea, lakini mtu anaweza kukaa na stempu miaka ndo aitumie. Biro nazo zimeenea baada ya Vita Kuu ya Pili, so barua ya "1931" iliyoandikwa kwa biro imenakiliwa baadaye, jiulize nani kainakili na kwa nini. Na kama mwandishi kaweka siku bila mwaka, kalenda inakumalizia kazi: "Jumatano 14 Mei" kati ya 1940 na 1960 ni 1941, 1947, 1952 au 1958 basi, ukijua mtoto anayetajwa kazaliwa lini unabaki na mwaka mmoja.

Hatua ya 4. Chapa neno kwa neno, makosa yaache.

Hatua ya 5. Soma salamu kuliko habari. Andika nani anasalimiwa kwenye kila barua. Yule kijana aliliona hapo hapo: shangazi wa babu anasalimiwa barua zote, ghafla jina linakatika, na hakuna anayetaja msiba. Kumbe aliolewa na mtu ambaye ukoo ulimkataa.

Hatua ya 6. Mfuate mzee mmoja, faragha, umsomee barua moja kwa sauti halafu nyamaza, aongee mwenyewe. Kurekodi omba ruhusa. Kwenye grupu la familia usitupie kitu mpaka waliotajwa au watoto wao wajue kwanza.