Somo: Mashine ya kukalia ya kukatia majani imegoma, tuanzie wapi?

Masika yakishapita majani hayamngoji mtu, na ndipo mashine zinapogoma. Ufunguo unazungushwa, kimya. Wengi hukimbilia kununua stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Kwa Unguja na Pemba mimi naanza na chumvi. Mashine ya hoteli ya Kiwengwa au Paje inapigwa na upepo wa bahari mchana kutwa, halafu jioni inaoshwa kwa maji ya kisima cha pwani, nayo yana chumvi yake. Viungo vya waya vinaliwa kimyakimya huku betri na stata ni nzima. Kwa hiyo pima kwanza, ununue baadaye. Mita ya umeme ya bei ndogo inatosha.

Kabla hujagusa kitu: breki ya maegesho, ufunguo nje, visu vimezimwa. Ukifungua betri, anza na kebo ya hasi. Ukirudisha, hiyo hasi iwe ya mwisho.

1. Isikilize. Ikigonga "tk-tk-tk" kwa haraka, betri iko chini au kichwa chake kimelegea. Ikigonga mara moja ikanyamaza, tazama solenoidi (swichi nzito inayopeleka umeme wa betri kwa stata), kebo nene na stata. Kimya kabisa ni fyuzi, swichi ya ufunguo au swichi za usalama. Ikizunguka vizuri lakini haiwaki, achana na stata: pima plagi ya injini kama inatoa cheche, na usikilize kama ile solenoidi ya mafuta chini ya kabureta (nyengine hiyo, inafungua mafuta) inagonga ufunguo ukifunguliwa.

2. Betri. Ikiwa imepumzika, iliyojaa inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.0 imekwisha, ichaji kabla ya kuendelea, maana vipimo vyote vya mbele vitakudanganya. Kisha mtu azungushe ufunguo nawe unatazama mita: ikishuka chini ya 9.6 au karibu na hapo, betri imechoka hata kama ilisoma vizuri ikiwa imetulia.

3. Viungo na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha mashine. Hapa usifanye haraka. Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, vioshe kwa maji ya moto na magadi ya kupikia, vikauke, uvipige msasa, ukaze, halafu upake grisi juu. Fuata kebo nyeusi mpaka inapofungwa kwenye bodi, fungua boliti, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'are. Macho hayatoshi lakini. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyengine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani na ethi yako ni mbovu, hata ikiwa inapendeza kuitazama. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kichwa cha stata.

4. Fyuzi. Ipime, maana ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Rudishia ya ampia zile zile. Anayefunga waya wa shaba mahala pa fyuzi anatafuta moto, tena karibu na tangi la petroli.

5. Swichi za usalama. Ziko kwenye kiti, pedali ya breki na visu. Chomoa kiungio cha waya zake, pima kama swichi inafunga na kufungua ukiibonyeza. Kuiunganisha moja kwa moja ili kazi iende, hasha! Swichi ya kiti ndiyo inayozima visu mwendeshaji akianguka.

6. Solenoidi. Ufunguo ukizungushwa, waya mdogo upate karibu volti 12. Umepata na haigongi? Angalia ethi yake, kisha ibadilishe. Inagonga lakini upande wa stata hakuna umeme? Ndani imeungua. Umeme unafika stata na haizunguki? Sasa ndiyo ufungue stata, utazame makaa, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani yake. Kuunganisha vichwa viwili kwa bisibisi mnajua kunafanyika. Mashine ikiwa kwenye gia itakurukia.

7. Kuchaji. Injini ikivuma kwa kasi, betri isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, kagua fyuzi na boliti za regyuleta (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji), maana nyingi huchukua ethi kupitia mwili wake. Ikizidi 15, regyuleta imekufa.

Maswali ya wanachama

*Wete: Maalim, yangu inawaka vizuri, nikiwasha visu inazima papo hapo.*
Ikizima ghafla kama umezima ufunguo, ni swichi ya kiti au kiungio cha waya zake, pengine panya wamezitafuna. Ikizima kwa kulemewa, zima kila kitu, toa waya wa plagi ya injini, kisha tazama chini: kuna majani mabichi yaliyoganda au beringi imekwama.

*Paje: Kaka, naweza kuibusti kwa gari?*
Ikiwa zote ni volti 12, unaweza, gari ikiwa imezimwa. Chanya kwa chanya, na kebo nyeusi ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya mashine, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche.

*Matemwe: Betri mpya, asubuhi nakuta imekufa. Imeanza baada ya mvua.*
Kuna kinachonyonya. Chomoa kebo ya hasi, weka mita ya ampia 10 kati ya kebo na kichwa cha betri, ufunguo ukiwa umezimwa. Isome sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma zaidi, chomoa swichi ya ufunguo, kisha regyuleta, moja moja, mpaka namba ishuke. Kwa ulivyosema mvua, ningeanza na swichi ya ufunguo, maji huingia kwa juu. Ila usipige stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake.