Enka inayokuachia: pima inachokunyima uwanjani, kisha irudishe

Mchezaji wa kikapu aliyeteguka mara nyingi, ukimuuliza kuhusu enka yake, yaani kifundo cha mguu, atakujibu, "Imeshazoea, dokta." Haivimbi kama zamani, maumivu yanaisha siku mbili tatu, anafunga bendeji na kurudi mazoezini. Aliyezoea ni yeye. Enka imelegea, naye amejifunza kucheza akiikwepa: hakati kuelekea upande ule, kwenye ribaundi anatua na mguu mmoja, kwenye difensi anasimama wima badala ya kushuka. Kocha anaona mtu aliyepungua kasi, anamwongezea raundi za kukimbia.

Mwongozo huu ni kwa makocha, wachezaji na wenzangu wa fiziotherapia tunaofanya kazi bila maabara. Andaa futi kamba, chaki, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na ukuta.

Kilichoharibika

Upande wa nje wa kifundo kuna kano tatu zinazoshikilia mfupa kwa mfupa. Ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayochanika mtu anaporuka kugombea mpira akatua juu ya kiatu cha mwenzake, vidole vikiwa vimeelekea chini na unyayo ukapindukia ndani. Utafiti wa wachezaji wa kikapu wa Australia uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta karibu nusu ya majeraha ya kifundo yalitokea wakati wa kutua, na kwamba aliyewahi kuumia alikuwa kwenye hatari karibu mara 5 ya yule ambaye hajawahi.

Kano ikipona ikiwa imerefuka, kiungo kinalegea. Kuna hasara ya pili ambayo eksirei haiioni: neva zinazoujulisha ubongo unyayo umekaaje zinatoa taarifa pungufu, na misuli ya peroneasi, ile ya upande wa nje wa muundi inayorudisha unyayo usipinduke, inachelewa kuitika. Ndiyo maana utakuta mtu kano zake ukizivuta kwa mkono ni imara, lakini mguu bado unamwachia, yaani unapinduka ghafla bila kutarajia.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tatizo sugu

Uliza mambo matatu. Je, mara ya kwanza kuteguka vibaya ni zaidi ya mwaka mmoja uliopita? Je, katika miezi 6 iliyopita mguu umemwachia angalau mara mbili, iwe uwanjani au akishuka ngazi? Je, anauamini? Ukitaka alama, kuna dodoso liitwalo CAIT, maswali 9 yenye jumla ya alama 30. Anayepata 24 au pungufu anahesabiwa kuwa na enka isiyo imara.

Aliyeteguka juzi hahusiki na vipimo hivi. Kama hawezi kukanyaga hatua nne, au ukibonyeza nyuma ya nundu za mfupa wa kifundo anaruka kwa maumivu, apelekwe eksirei kwanza. Na jamani, asipelekwe kwa mchuaji jioni ileile akakandwe kwa maji ya moto. Tunazidisha uvimbe kwa mikono yetu wenyewe.

Hatua ya 2: Goti kwa ukuta

Mchezaji avue viatu, aelekeze unyayo ukutani, kisha apeleke goti mbele liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Msogeze nyuma kidogo kidogo hadi pale mwisho ambapo goti bado linagusa, halafu pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Piga magoti pembeni na ushike kisigino chake kwa vidole viwili, maana wachezaji wanaiba: kisigino kinanyanyuka kidogo tu na wanakuapia hakijanyanyuka.

Tofauti ya sentimita 2 kati ya miguu ni ya kufanyiwa kazi. Enka isiyokunja mbele inamzuia mtu kushuka chini kwenye difensi, na akitua anatua mguu mkavu, goti likabeba mzigo wa kifundo. Wengi wanaokuja kwangu kulalamikia goti naanza na ukuta.

Hatua ya 3: Kusimama mguu mmoja na kufikia

Chora kwa chaki mstari mmoja wa mbele, na miwili ya nyuma inayoachana kwa nyuzi 90, kama herufi Y iliyopinduliwa. Mchezaji asimame mguu mmoja pale mistari inapokutana, mikono kiunoni, na mguu wa pili aupeleke mbali awezavyo kwenye kila mstari, aguse kidogo na kurudi bila kuyumba. Mpe majaribio ya kuzoea, kisha chukua matatu na uandike lililo refu zaidi.

Angalia sana mstari wa mbele. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwapima wachezaji wa kikapu wa sekondari kabla ya msimu: waliokuwa na tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya mguu wa kulia na wa kushoto kwenye mstari huo walikuwa na uwezekano mara 2.5 zaidi wa kuumia miguu msimu ulipoanza.

Hatua ya 4: Mirukio, na hapa ndipo siri inapotoka

Makocha wengi hupima uwezo kwa kuruka juu na kukimbia moja kwa moja. Mwenye enka mbovu anaweza kufaulu vyote viwili, kwa sababu hakuna kinachomsukuma pembeni. Kikapu lakini ni mchezo wa pembeni: kukata, kuteleza kwenye difensi, kusimama ghafla na kupiga. Ukilinganisha aina za mirukio, zile za kwenda mbele au juu na chini mara nyingi hazimfichui. Za pembeni na za kuzunguka ndizo zinamfichua.

Kwa hiyo fanya miwili. Wa kwanza: chora mistari miwili iliyoachana sentimita 30, aruke kwa mguu mmoja kwenda na kurudi mara 10 kwa kasi yake yote, hesabu sekunde. Wa pili: weka alama mbili zilizoachana mita 5, aruke kwa mguu mmoja kuzizunguka kwa umbo la nane, mizunguko miwili. Anza na mguu mzima, viatu vilevile anavyochezea, na kwenye saruji hakikisha hakuna mchanga.

Saa inakupa namba, ila usiishie hapo, mwangalie. Kwenye mruko wa kurudi ndani, mwenye tatizo hutua akasita, vidole vinakwaruza chini vikitafuta pa kushika, kiwiliwili kinainama upande wa pili.
"Inauma?"
"Haiumi, dokta. Siiamini tu."
Andika maneno hayo pembeni ya sekunde.

Kama una nafasi, rudia mwishoni mwa mazoezi. Wapo wanaofaulu wakiwa wabichi wakaporomoka wakichoka, na dakika hizo ndizo wanazoumia.

Hatua ya 5: Kuirudisha

Panga angalau wiki 6, mara tatu hadi tano kwa wiki. Kama ukuta ulionyesha upungufu, anza na kunyoosha kigimbi na kurudiarudia ule mkao wa goti kwa ukuta. Nguvu ya peroneasi inajengwa kwa tyubu ya baiskeli: funga kwenye mguu wa benchi, mchezaji asukume unyayo kwenda nje polepole, na arudishe polepole zaidi. Kunyanyua visigino afanye kwenye ngazi, kwa mguu mmoja.

Mizani, yaani kusimama bila kuyumba, ndiyo kiini cha kazi. Asimame mguu mmoja macho wazi, kisha macho yamefumbwa, kisha juu ya mto laini, kisha akipokea na kutoa pasi. Usimkimbize, hatua inayofuata aistahili. Baada ya hapo kutua: aruke na kutulia pale alipotua kwa sekunde tatu, mbele, pembeni, kisha kwa robo mzunguko. Mpira na mpinzani wa kumgusa begani vinaingia mwisho.

Msisahau nyonga. Stephen Curry, nyota wa ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha kulia mwaka 2011 na tena 2012, na msimu wa 2011–12 alicheza mechi 26 tu. Wataalamu wa timu yake, Golden State Warriors, walimjenga nyonga na mapaja kwa kunyanyua vyuma ili kazi ya kukata isiiangukie enka peke yake. Mwaka 2015 na 2016 alikuwa mchezaji bora wa NBA. Sisemi nyonga ndiyo iliyompa tuzo, ila vijana wakisikia jina hilo wanakubali kuchuchumaa na uzito.

Hatua ya 6: Kurudi kucheza

Ruhusu akifikisha haya: tofauti ya mstari wa mbele iwe chini ya sentimita 4, muda wa mirukio usipitane zaidi ya asilimia 10 kati ya miguu, na asiwe ameachiwa na mguu hata mara moja katika mazoezi ya kugusana.

Avae sapoti ya kifundo inayofungwa kwa kamba kama kiatu. Utafiti wa wachezaji 1,460 wa sekondari za Wisconsin, uliochapishwa 2011, ulionyesha waliovaa waliumia vifundo kwa kiwango cha karibu theluthi moja ya wasiovaa, ingawa walioumia wakiwa wameivaa, jeraha halikuwa dogo kuliko la wasiovaa. Plasta ya kubandika kuzunguka kifundo inafaa pia, lakini jasho na mwendo huilegeza kabla mechi haijaisha. Raba ndefu inayofunika kifundo peke yake usiitegemee.

Ikiwa baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya kweli mguu bado unaachia, au kiungo kinakwama, kinavimba kila baada ya mechi au kuuma kwa ndani kabisa, huenda gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, imeumia. Hapo aonwe na daktari wa mifupa, na karatasi yenye vipimo vyote aende nayo.