Kuyatembelea Mapango ya Amboni Pamoja na Watoto

Mapango ya Amboni yapo Kiomoni, takriban kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, kando ya barabara iendayo Horohoro na Mombasa. Kwa sababu yako karibu na mjini, familia nyingi huyapitia kwa haraka katikati ya safari nyingine, mchana wa jua kali, watoto wakiwa wamechoka na wana njaa. Ushauri wangu ni kwamba asubuhi nzima itengwe kwa ajili ya mapango, na vivutio vingine vya Tanga vipangwe kulizunguka jambo hilo, kwa kuwa pango halionekani vizuri kwa macho yaliyotoka juani muda huo huo wala kwa miguu yenye haraka.

Kutoka mjini mnaweza kukodi bajaji au teksi, au kupanda daladala za upande wa Amboni na kumwomba kondakta awashushe njia panda ya mapangoni. Wenye watoto wadogo ni bora wakodi chombo na wakubaliane mapema na dereva kuhusu kuwasubiri, kwa kuwa mnapotoka mapangoni mkiwa na matope na kiu, hamtapenda kusimama barabarani. Mapango haya yalitunzwa na kampuni ya mkonge ya Amboni tangu mwaka 1922, yakakabidhiwa kwa Idara ya Mambo ya Kale mwaka 1963, na katika miaka ya karibuni yamewekwa chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kiingilio hulipwa kwa serikali, na viwango vya raia, vya wageni na vya watoto hutofautiana, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuondoka nyumbani kiwango cha siku hiyo na njia ya kulipia, na chukueni kitambulisho cha kila mtu mzima.

Miezi ya kiangazi ndiyo inayofaa zaidi. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, njia ya udongo huwa na utelezi, Mto Mkulumuzi unaopita jirani hujaa, na sakafu ya pango hulowa. Kila mmoja avae viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika ardhi, wala si kandambili, pamoja na nguo ambazo hakuna atakayesikitika zikichafuka, kwa kuwa zipo sehemu za kuinama sana na nyingine za kupita kwa kujibana. Tochi ya kuvaa kichwani ni bora kuliko mwanga wa simu, kwani huiacha mikono yote miwili huru, mmoja wa kushika mkono wa mtoto na mwingine wa kujizuia usianguke. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni kwa mbeleko ndani ya pango, maana mama akiinama kupita chini ya mwamba, kichwa cha mtoto ndicho kinachobaki juu. Abebwe kifuani, au mzazi mmoja abaki naye nje na wapokezane. Mwenye pumu au anayeogopa mahali finyu amweleze mwongozaji kabla ya kuingia, ili njia ichaguliwe kwa kumzingatia yeye.

Eneo lote la mawe ya chokaa lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 234 na mapango kumi, lakini ni moja tu linalotumika kwa matembezi ya kuongozwa. Msiingie hata hatua chache bila mwongozaji. Ndani mna vyumba vyenye dari refu, baadhi vikifikia mita 13, na kati yake mna vichochoro vinavyofanana kiasi kwamba mgeni hawezi kujua ametokea kipi. Mpange msafara kabla ya kuingia: mtu mzima mmoja awe nyuma ya mwongozaji, watoto wawe katikati, na mtu mzima mwingine awe wa mwisho, mwenye jukumu moja tu la kuhesabu vichwa kila mnapotoka chumba kimoja kwenda kingine.

Mkishafika katika chumba kikubwa cha kwanza, simameni kidogo hadi macho yazoee, kisha mwambieni mwongozaji asitaje bado majina ya maumbo yaliyopo ukutani. Waachieni watoto waseme wanachokiona. Waongozaji wa Amboni wana hazina ya majina ya wanyama na vyombo ambayo imerithishwa kwa miaka mingi, nayo inapendeza kusikiliza, lakini mtoto aliyetafuta umbo mwenyewe huliangalia jiwe kwa makini zaidi kuliko yule aliyeonyeshwa.

Hapo ndipo pa kuwaeleza jinsi pango lilivyotokea, kwa maneno wanayoyaweza. Mwamba huu ni chokaa iliyojengeka chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni kutoka angani na zaidi kutoka kwenye udongo, yakawa na ukali mdogo wa tindikali, na yanapopenya katika nyufa huiyeyusha chokaa polepole hadi ufa ukawa uwazi, na uwazi ukawa chumba. Tone linaloning'inia darini huipoteza ile hewa na kuacha chembe ya chokaa mahali lilipokuwa, na kwa chembe hizo hujengeka stalaktiti zinazoshuka kutoka juu na stalagmiti zinazopanda kutoka sakafuni. Ni vyema kutofautisha umri wa mwamba na umri wa pango, jambo ambalo husahaulika mara nyingi: mwamba ulikuwapo zamani sana kabla ya maji kuanza kuuchimba.

Maelezo hayo ndiyo yanayoipa uzito kanuni ya kutogusa. Mafuta ya kiganja yakishika jiwe, maji hayatuami tena juu yake kama awali, na ukuaji wa sehemu hiyo huharibika. Kuandika jina ukutani ni dhuluma kwa kila atakayekuja baadaye, nami naomba kwa dhati wazazi walikataze jambo hilo hata pale mtoto anapoonyesha majina ya watu wazima waliomtangulia.

Popo ni wenyeji wa mapango haya. Msiwamulike kwa muda mrefu, msipige kelele, na mtu asimshike popo aliye hai wala aliyekufa, kwani popo wanaweza kubeba magonjwa hatari. Kinyesi chao kisiguswe kwa mikono, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula chochote. Bebeni maji na sabuni yenu wenyewe.

Mtasikia kwamba pango linafika Mombasa, au hata Kilimanjaro. Upimaji uliofanyika mwaka 1994 ulionyesha kwamba pango refu kuliko yote halizidi takriban mita 900, lakini sioni sababu ya kumkatiza msimuliaji. Sikilizeni hadithi hadi mwisho, kisha mkiwa nje waambieni watoto kipimo hicho. Yapo pia masimulizi ya Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha mapangoni humu katika miaka ya 1950 wakiwakwepa askari wa kikoloni, na mtoto aliyeanza kusoma historia shuleni atakuwa na maswali mengi hapo.

Kuna sehemu ya mzimu ambako watu huja hadi leo kuomba afya na uzazi, wakiacha sadaka. Imani ya familia yenu iwe ipi, mahali hapo ni pa ibada ya wengine. Sadaka zisiguswe, waombaji wasipigwe picha, na sauti zishushwe.

Baada ya kutoka, kuleni na kupumzika kivulini kabla ya kuamua kuendelea. Watoto wakiwa bado wana nguvu, majimoto ya Galanos yapo jirani. Ni chemchemi zenye salfa, na harufu yake ni kama yai viza. Mtu mzima apime joto la maji kwanza, na watoto wasiachwe pembezoni peke yao. Mchana ukishapoa, ufukwe wa Raskazone mjini Tanga unafaa kwa kuogelea, mradi mmeulizia maji yanajaa saa ngapi, kwa kuwa yakipwa huondoka mbali na kubaki tope.

Misitu ya Amani katika Usambara Mashariki haiwezi kuunganishwa na mapango siku moja bila kuwachosha watoto, kwa hiyo itengeeni siku yake. Mnapitia Muheza, kisha mnapanda mlima kwa barabara ya vumbi yenye kona nyingi, na gari lenye tumbo la juu ndilo linalofaa. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea hapo mwaka 1902, na eneo likawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Watoto hupendezwa zaidi na mbega, vinyonga na hondohondo, pamoja na mradi wa vipepeo wanaofugwa na wanavijiji kwa ajili ya kipato. Fikeni mapema ili mpate mwongozaji langoni Zigi, chukueni sweta, kwani juu kuna baridi isiyotarajiwa na watu wa pwani, na anzeni kushuka kabla ya saa kumi jioni, maana ukungu ukishatanda barabara hiyo haifai kwa dereva asiyeizoea.