Somo: Kupuliza makabati ya jikoni rangi itoke laini

Habari za kazi ndugu zangu. Kila nikikabidhi jiko, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Fundi, umetumia rangi gani?" Hakuna anayeuliza nimepiga msasa mara ngapi, na ulaini wote uko kwenye msasa. Rangi ya kupuliza ni nyembamba mno. Mkwaruzo ulioachwa chini haitaufunika, itauonyesha.

Kwanza jua kilichopo juu ya mlango. Chovya kitambaa cheupe kwenye thina ya NC (rangi ya nitroselulosi), sugua mahali pasipoonekana, kama nyuma ya mlango karibu na bawaba. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, ni NC. Ikivimba na kukunjamana, ni rangi ya mafuta. Isiposhtuka kabisa, huenda ni PU (rangi ya poliyurethani) au melamini ya kiwandani. Usiliruke jaribio hili. Niliwahi kupuliza NC juu ya rangi ya mafuta nikiamini imeshakomaa, na kabla sijamaliza mlango wa pili, ule wa kwanza ulishajikunja kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemka. Nilikwangua milango yote hadi kwenye mbao, kwa gharama yangu.

Kuchagua rangi. NC hukauka haraka na ikichubuka ni rahisi kuirekebisha, lakini karibu na jiko la gesi na sinki haidumu. Rangi ya mafuta ni ya bei nafuu, ila hukawia kukauka, vumbi hupata muda wa kutua, na nyeupe yake hugeuka manjano, hasa ndani ya kabati kusikofika mwanga. Kwa jikoni mimi nachagua PU ya kuchanganya na hadina, yaani kigumishi. Inastahimili mafuta, mvuke na kufutwa kila siku. Kuhusu mng'ao, nawashauri wateja wachukue satini. Ile ya kung'aa kama kioo inataka ubao usio na kasoro hata moja, na kila kidole kinabaki na alama.

Kuosha. Ng'oa milango, droo, bawaba na vishikio, na andika namba nyuma ya kila mlango. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta, kausha, kisha futa kwa kitambaa chenye thina kidogo. Mafuta ya kupikia yakibaki, rangi itakimbia na kuacha vishimo vya duara.

Msasa na praima. Anza na namba 180, jaza mashimo kwa pati, malizia 240. Kama ni MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, usilete maji hapa, itavimba. Kingo zake zilizokatwa hunywa rangi kama sifongo, kwa hiyo zipe praima mara mbili au tatu kabla ya uso kupata mara moja.

Praima ikikauka, chukua penseli, chora mistari myepesi mlango mzima, kisha piga msasa namba 320 uliozungushiwa kwenye kipande cha mbao bapa. Mstari ukibaki, hapo kuna bonde. Jaza, rudia. Halafu zima taa, laza tochi ya simu pembeni ya ubao mwanga uteleze juu yake. Utaona yale ambayo mteja atayaona saa kumi jioni jua likiingia dirishani.

Kupuliza. Toa maji yaliyojikusanya ndani ya tangi la kompresa, mwagia sakafu maji kidogo kutuliza vumbi, chuja rangi. Uwiano wa hadina ufuate ule ulioandikwa kwenye kopo, upime kwa kikombe, wala usikadirie. Gani yangu, yaani bunduki ya kupulizia, ina ncha ya milimita 1.4, naiweka kwenye bar 2 hadi 2.5 nikiwa nimebana kifyatulio. Jaribu kwanza kwenye boksi.

Anza na kingo, malizia na uso. Umbali uwe sentimita 15 hadi 20, mkono wote utembee sambamba na ubao; ukizungusha kiwiko, katikati patalowa na pembeni patabaki pakavu. Kila mpito ufunike nusu ya ule uliotangulia, na uanze kufyatua kabla ya kuufikia ubao. Tabaka la kwanza liwe jepesi, la pili lilowe vizuri. Kati ya matabaka hayo pitisha msasa wa 400 na ufute vumbi.

MASWALI

*Kutoka Tanga: Fundi, yangu imetoka na vijipele kama ganda la chungwa. Nimekosea wapi?*

Rangi ilikuwa nzito, au upepo mdogo, au ulisimama mbali. Matone yamefika yakiwa yameanza kukauka, hayakupata muda wa kutandaa. Iache ikomae, sugua kwa 400 hadi iwe bapa, ongeza thina kidogo, puliza tena.

*NC yangu nyeupe na vanishi juu, vimepata ukungu. Ilikuwa inanyesha.*

Ni unyevu, kaka. Thina ikiruka upesi hupoza uso, na maji ya hewani yanatua juu yake. Huku pwani, wakati wa masika, subiri jua lipande. Pulizia thina nzito inayokauka polepole, mara nyingi ukungu huo huondoka.

*Barakoa ya kitambaa inatosha kwa PU?*

Haitoshi kabisa. Hadina ya PU ina kemikali za isosianati, zinaweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya vumbi haizizuii. Vaa ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke, miwani na glovu, puliza penye hewa inayopita, na watoto wasiwe karibu. Ukianza kubanwa kifua, acha kazi hiyo na umwone daktari.

*Dada wa Morogoro: Makabati yangu ni ya mninga, nataka yawe meupe.*

Dada, mimi ningeyapiga msasa na vanishi tu, mninga haupatikani kirahisi siku hizi. Kama umeshaamua, ziba kwanza kwa sila ya PU, maana rangi ya mti huo hupenya na kutia nyeupe madoa. Jaribu mlango mmoja, ukae siku chache.

*Milango naifunga lini?*

Kesho yake, ukiishika kwa uangalifu. Kufuta kwa sabuni subiri wiki nzima, na usiegemeze mlango kwa mlango bila karatasi katikati.