Mvinyo mwekundu wa zamani kwenye joto la visiwani: kuutunza, kuukagua na kuufungua

Juzi mdogo wangu mmoja, mhudumu wa mgahawa kule Nungwi, alinipigia simu usiku. Mgeni amekuja na chupa yake ya Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, yenye umri wa zaidi ya miaka 20, anataka ifunguliwe siku ya kuadhimisha ndoa yake, na hakuna mtu zamu ile aliyewahi kushika chupa ya namna hiyo. Tulikwenda naye hatua moja moja kwenye simu. Nimeziandika hapa kwa ajili ya kila aliyekabidhiwa stoo ya vinywaji hotelini, Unguja au Pemba. Wengi wetu hatunywi, na hilo halikuzuii kuifanya kazi hii kwa ustadi. Nitakayoyasema yote yanafanyika kwa jicho, pua, mkono na kipimajoto.

Hatua ya 1: Ijue chupa uliyonayo

Mvinyo mwingi umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache tu. Kuuweka zaidi ni kuupoteza. Mwekundu unaostahili kungojewa ni ule wenye tanini nyingi, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi, utokao kwenye maganda na mbegu za zabibu na kwenye pipa la mwaloni, pamoja na asidi ya kutosha. Barolo ya Italia, inayotokana na zabibu aina ya Nebbiolo, ni ya jamii hiyo. Sheria yake haiiruhusu hata kuuzwa kabla ya miezi 38. Kinyume chake ni Beaujolais Nouveau ya Ufaransa, inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, mwaka uleule wa mavuno. Hiyo usiilaze, yaani usiiweke ikae miaka.

Stoo zetu zimejaa chupa za Afrika Kusini. Cabernet Sauvignon nzuri ya Stellenbosch yaweza kufika miaka 10 na kupita, ikitunzwa. Pinotage, zabibu aliyoizalisha Abraham Perold mwaka 1925 kwa kuchavusha Pinot Noir na Cinsaut, nyingi ya bei ya kawaida naiuza ikiwa changa. Mwekundu wa Dodoma vilevile.

Ndani ya chupa kinachotokea ni hiki. Rangi ya mvinyo mchanga hutokana na anthosianini za maganda. Miaka ikienda, anthosianini na tanini hushikana, na vile vinavyokuwa vizito mno hushuka chini vikawa mashapo. Kwa hiyo mwekundu unapozeeka hupauka, wakati mweupe huzidi kukoza. Ukakasi unalainika. Harufu ya tunda bichi inarudi nyuma, zinakuja harufu za tende, ngozi, tumbaku, uyoga na majani makavu.

Hatua ya 2: Joto, joto, joto

Hapa ndipo kazi yote ilipo, nami sitaharakisha.

Mvinyo wa kulazwa unataka nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi, zisizopanda na kushuka. Sisi wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mchana tunavuka nyuzi 30 na usiku haupoi sana. Watu husema joto linauzeesha mvinyo haraka, kana kwamba ukiuacha kwenye stoo ya moto mwaka mmoja utapata chupa ya miaka mitano. Sivyo. Joto haliharakishi mambo yote kwa kipimo kimoja: tunda linakufa kabla ukakasi haujalainika. Unabaki na kitu chenye ladha ya jemu iliyoungua na bado kinakausha mdomo.

Jambo la pili ni kizibo. Mvinyo ukipata moto hupanuka na kukisukuma kizibo nje. Ukipoa hujivuta na kuingiza hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoua. Kwa hiyo mzigo ukifika, kabla hujatia sahihi, pitisha kidole juu ya kila kofia ya chupa, ile foili inayofunika kizibo. Kizibo kilichoinuka, au unata chini ya kofia, ni alama kwamba kontena lilikaa juani mahali fulani njiani. Chupa hizo zitenge, zipige picha, zirudishe. Usiogope kumwambia mleta mzigo.

Pa kuhifadhi, mimi nachagua friji ya mvinyo, nyuzi 14, na sibishani na mtu. Friji ya jikoni haifai kwa miezi: ni baridi mno, hewa yake ni kavu, na inafunguliwa kila dakika. Kama bajeti ya friji ya mvinyo haipo, chumba kidogo chenye kiyoyozi kikikaa nyuzi 18 usiku na mchana ni bora kuliko kile cha nyuzi 14 kinachozimwa mgeni wa mwisho akienda kulala. Utulivu kwanza, ubaridi baadaye.

Wenye majengo ya Mji Mkongwe mna bahati ya kuta nene za mawe na chokaa. Chumba cha ndani, chini, kisicho na dirisha, hakiyumbi sana kati ya mchana na usiku. Lakini msijidanganye, nyuzi zake bado ni 26 au 27. Hapo chupa ikae miezi, isikae miaka.

Sasa umeme. Tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa karibu miezi mitatu gizani baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme wa baharini kutoka Bara. Kukatika kwa saa chache ndiko kwa kawaida, ila mpango uwe wa yote mawili. Uliza leo, si siku ya giza, kama friji ya mvinyo imeunganishwa na jenereta. Mara nyingi jenereta hulisha jiko na taa tu. Friji iliyojaa hushika ubaridi kuliko tupu, kwa hiyo nafasi zilizobaki zijaze chupa za maji. Umeme ukikatika usifungue mlango, hata meneja akitaka kuona. Kipimajoto usikitundike hewani: kitumbukize ndani ya chupa ya maji iliyo kati ya mvinyo, kikusomee joto la kimiminika. Hewa ndani ya friji hubadilika upesi na itakutia hofu bure.

Chupa za kizibo zilazwe ili kizibo kibaki na unyevu. Za kifuniko cha kuzungusha zaweza kusimama. Hewa yetu ina unyevu wa kutosha, kiasi kwamba lebo huota ukungu. Zifunge kwa plastiki nyembamba ya jikoni. Chumba cha kiyoyozi nacho hukauka, weka ndoo ya maji. Mwanga uzimwe.

Na kama huna baridi kabisa? Basi agiza Madeira. Huo ni mvinyo ulioongezwa spiriti, na mwingi wake hupashwa moto makusudi, nyuzi 45 hadi 50, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Sifa yake ilianzia kwenye majahazi ya Wareno na mapipa yaliyopita nchi za joto. Ukishapikwa hivyo, stoo yetu haiutishi.

Hatua ya 3: Isimamishe

Siku mbili kabla ya kuifungua, au angalau saa 24, ili mashapo yashuke. Mahali penye ubaridi uleule.

Hatua ya 4: Kizibo

Kata kofia chini ya mdomo wa chupa, si juu yake. Ukikuta ukungu mweusi juu ya kizibo, futa kwa kitambaa chenye maji, si dalili mbaya.

Kizibo cha miaka 20 kimelainika. Kizibuo cha mabawa kinakitoboa katikati na kutoka na unga. Kwa chupa kongwe sikitumii kabisa. Chukua kizibuo cha meno mawili, chenye vibapa viwili vyembamba vya chuma badala ya skurubu. Ingiza jino refu kwanza kati ya kizibo na kioo, halafu fupi, yumbisha kushoto na kulia mpaka yazame, kisha zungusha huku ukivuta polepole. Dakika tatu si nyingi. Tahadhari: kama kizibo kimelegea, meno hayo yatakisukuma ndani. Kijaribu kwanza kwa kidole gumba. Kikicheza, acha meno, tumia kizibuo chenye skurubu ndefu, izungushe mpaka karibu ifike chini, vuta polepole bila kushtua. Kikikatika, ingiza skurubu kwa pembe kwenye kipande kilichobaki, ukikibana kwenye ukuta wa shingo. Kikitumbukia, hakuna msiba: mimina kupitia kitambaa cheupe cha pamba kilichosuuzwa kwa maji matupu. Karatasi ya kuchujia kahawa naiepuka, inaacha ladha yake.

Mgeni akiwa anakutazama, mweleze unachofanya. Watu huvumilia wakijua.

Hatua ya 5: Pua na jicho

Mimina kidogo. Harufu ya boksi lililolowa maana yake kizibo kimeuharibu mvinyo, na kuusubiri hakutausafisha. Harufu ya siki, umekwisha. Tende, ngozi na uyoga ni heri. Na harufu ya karafuu usiishangae: pipa la mwaloni lililobabuliwa moto lina yujenoli, kemikali ileile iliyojaa kwenye karafuu zetu. Mtu aliyekulia Pemba msimu wa kuanika huinasa mapema kuliko wataalamu wengi.

Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe utazame ukingo. Zambarau ni uchanga, komamanga ni katikati, rangi ya tofali ni uzee. Kahawia tupu kwenye chupa ya miaka mitatu ni joto, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 6: Kumimina

Washa tochi ya simu chini ya shingo ya chupa, mimina kwenye jagi la kioo kwa mkono mmoja usiosita, usirudi nyuma. Uzi mweusi ukianza kupanda shingoni, simama. Mvinyo mchanga wenye ukakasi upe saa moja au mbili kwenye jagi. Mkongwe umimine mgeni akiwa ameshakaa, kwa sababu harufu zake hazidumu hewani.

Vitabu vinasema mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Vyumba hivyo ni vya Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Utoe kwenye nyuzi 14 na ujaze glasi robo tu. Kwa hewa ya Nungwi utapanda wenyewe kabla mgeni hajamaliza kusoma menyu. Ukibaki, mchanga uzibe na uuweke kwenye friji, utafika siku ya tatu. Mkongwe umwambie mgeni amalize usiku huohuo.