Kuufuata Mto Zigi na watoto: kutoka msitu wa Amani hadi bahari ya Tanga

Familia nyingi za Dar es Salaam zikisikia Tanga hufikiria bahari peke yake, na zikisikia Usambara hufikiria Lushoto. Katikati ya mawili hayo kuna msitu wa Amani, ulio juu ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, ambao tangu mwaka 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia. Maji ya msitu huo hukusanyika katika Mto Zigi, ambao hushuka hadi Bwawa la Mabayani linakotoka maji ya bomba ya jiji la Tanga, kisha huingia baharini kaskazini mwa jiji hilo. Mwongozo huu ni wa safari ya siku tano inayoufuata mto huo kutoka juu hadi chini, yaani msitu kwanza na bahari baadaye. Nimewahi kuipanga kinyume, na sipendekezi: mtoto aliyekwisha kuonja bahari hapandi tena mlima kwa hiari yake, na nguo zilizoingia tope la Amani hukauka Tanga kwa saa chache ilhali kule juu zinaweza kukaa mbichi siku mbili.

Anza kwa kuchagua tarehe, na hapa inafaa kutazama mvua pamoja na mwezi. Amani hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hivyo miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, iache kabisa, kwa kuwa barabara ya kupandia huteleza na njia za msituni hugeuka vijito. Likizo ya Juni inafaa zaidi kuliko ya Desemba, ambayo mara nyingi hukuta mabaki ya vuli, ingawa hata Julai makoti ya mvua na masweta ni lazima, maana usiku wa huko ni wa baridi kwa mtu aliyezoea Dar. Kuhusu mwezi, jambo hili wageni wengi wa Tanga hulijua wakiwa tayari wamesimama ufukweni na taulo begani. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kuacha uwanda wa mchanga na matope, kisha hujaa kwenye saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, yaani karibu na nusu mwezi, mambo hugeuka: asubuhi ndiyo maji huwa yamejaa, ingawa tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Tazama kalenda kabla ya kulipia hoteli, kisha upange kuogelea kwa watoto kufuatana nayo.

Vifaa si vingi, ila viatu ndivyo vitakavyoamua safari yote. Kila mtoto avae viatu vyenye soli ya meno alivyokwisha kuvitumia kwa wiki mbili angalau. Binti yetu tulimnunulia raba mpya siku moja kabla ya safari, na kilomita ya pili ilimkuta mgongoni kwa baba yake akiwa na lengelenge kila kisigino. Ongeza soksi ndefu za kuingizia ncha za suruali ndani, kwa sababu ya siafu; tochi moja kwa kila mtu; na maji yasiyopungua lita moja na nusu kwa kila mtembeaji. Chakula cha njiani kiwe kile kisichomwagika wala kuchacha, kama mayai ya kuchemsha, ndizi na mihogo. Fedha taslimu chukua za kutosha, na malipo ya kiingilio yaulizie mapema kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, unaoisimamia hifadhi, ili usianze kutafuta mtandao wa simu ukiwa getini na watoto wenye njaa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Muheza njia ni ya lami kupitia Chalinze na Segera, na haina jambo la kueleza zaidi ya malori yake. Baada ya Muheza kuna kilomita 35 hivi za kwenda Amani, na katika sehemu ya juu kona hufuatana bila kupumzika. Gari lenye nguvu kwa magurudumu yote manne ni bora. Mtoto anayetapika garini mkalishe mbele au karibu na dirisha, na mpe limau la kunusa. Wanaotegemea usafiri wa umma wajue kwamba magari yapandayo Amani ni machache kwa siku. Basi wafike Muheza asubuhi na kuulizia mapema, kuliko kufika jioni na kulazimika kulala hapo.

Siku ya kwanza msitembee mbali. Zungukeni eneo la kituo cha zamani cha utafiti, ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 na kukipandia miti kutoka pande nyingi za dunia. Mwongozaji wa hifadhi, ambaye ni vema kumchukua kwa kila matembezi, atawachumia watoto jani la mkafuri walifikiche na kulinusa, kisha gome la mdalasini, na mchezo huo pekee utamaliza alasiri nzima. Mwombe pia awaonyeshe ua dogo la zambarau lenye majani manene ya manyoya, linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mtawala wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake kwao mwaka 1892, na leo ukoo wa ua hilo umo kwenye vyungu vya madirisha ya Ulaya na Marekani, huku lenyewe likizidi kuwa adimu porini.

Usiku, kama mvua haikunyesha, tokeni kwa nusu saa na tochi kutafuta vinyonga. Mchana unaweza kumpita kumi usimwone hata mmoja, lakini usiku hulala kwenye ncha ya kijiti na rangi yake hupauka, hata mwanga ukimpiga huonekana kama jani lililokufa katikati ya majani mabichi. Wakaribieni polepole, tochi ielekezwe pembeni kidogo, na hapo mtoto ataona mkia uliokunjwa kama kamba iliyohifadhiwa na vidole vilivyokishika kijiti mithili ya koleo. Msimshike. Kwa wale waliolelewa, kama mimi, kuamini kwamba kinyonga ni mkosi, dakika tano za kumtazama kwa karibu zinatosha kuifuta imani hiyo.

Siku ya pili pandeni kilima cha Mbomole asubuhi, mkiwa na nguvu. Kanuni niliyojifunza ni kuhesabu mwendo kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote: muda anaotajiwa mtu mzima uuzidishe mara mbili, na pumziko liwe kabla hajaomba. Mkikuta siafu njiani, msisimame kuwatazama. Vukeni mbio, kisha kaguaneni miguuni mbele kidogo. Juu kwenye miti sikilizeni hondohondo, na matawi yakitikisika bila upepo tafuteni mbega.

Siku ya tatu familia igawanyike. Mzazi mmoja ashuke na gari, mizigo na wadogo. Mwingine awachukue wenye umri wa miaka kumi na zaidi washuke kwa miguu pamoja na mwongozaji, kutoka Amani, iliyo kwenye mita zipatazo 900, hadi Zigi, iliyo karibu nusu ya kimo hicho. Magoti yatauma kuliko katika kupanda, kwa hiyo kateni fimbo iliyoanguka yenyewe, si mti hai. Joto huongezeka kadiri mnavyoshuka, na sauti ya mto huwatangulia. Hapo Zigi ndipo ilipoishia reli ndogo ya Wajerumani iliyotoka Tengeni, na nyumba ya mkuu wa stesheni bado ipo, ikitumika kupokea wageni. Wale wa garini wawasubiri hapo na chakula.

Alasiri hiyohiyo endeleeni hadi Tanga, kilomita 40 hivi kutoka Muheza, mkipita mashamba ya mkonge. Zao lenyewe lilianza na miche 62 tu iliyopona kati ya ile aliyoileta Richard Hindorf mwaka 1893. Mkifika hotelini, kabla ya yeyote kuoga, fungueni bomba na muwaulize watoto kama wanayafahamu maji hayo.

Siku ya nne ni ya mjini, na mpangilio wake ufuate maji kama nilivyoeleza. Yakiwa yamepwa asubuhi, nendeni Mapango ya Amboni, kilomita nane hivi kaskazini mwa jiji, ambako ndani ya mwamba wa chokaa mna giza, popo, na sehemu ambazo watu huacha sadaka kwa mizimu. Watoto waambiwe mapema kwamba vitu hivyo havichezewi. Rudini mjini mchana, mtembelee makumbusho ya Urithi katika boma la kale la Kijerumani, msikie habari za Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, pale jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India liliposhindwa na kikosi kidogo zaidi cha Wajerumani, huku nyuki wakiwauma wapiganaji. Maji yakijaa, nendeni Raskazone kuogelea. Tanga ni mji wa staha, hivyo kanga ya kujifunga wakati wa kutoka ufukweni iwe karibu. Jioni kuleni samaki wa kupaka na mkate wa kumimina, na ikiwa ni Ramadhani msitarajie kupata mkahawa uliofunguliwa mchana.

Siku ya tano ondokeni kabla ya saa moja asubuhi ili kuyatangulia malori ya Segera. Machungwa ya Muheza nunueni wakati huu wa kurudi, si wakati wa kwenda. Ya kwetu ya kwanza yalifika Amani yakiwa juisi chini ya viatu.